Seva Sita za Tabora: Uchambuzi wa Usakinishaji kwa Mtandao Uliotaka Kufuta Kompyuta ya Masjala

Kisa hiki kilitokea katika taasisi moja mjini Tabora, mwezi wa Novemba, wiki ambayo mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni. Taasisi hiyo ilikuwa imenunua seva sita zilizokwisha kutumika, zikaletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, na sisi mafundi wawili tukapewa siku tatu za kuzisakinishia mfumo endeshi na kuzikabidhi zikiwa zinafanya kazi. Hakuna hata moja iliyokuwa na kisomeo cha DVD. Nne zilikuwa za zamani, zenye kuwaka kwa BIOS (programu ya kale inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi), na mbili zilikuwa za karibuni kidogo, zenye kuwaka kwa UEFI, mrithi wa BIOS. Tofauti hiyo ilitupotezea saa chache tu. Lililotaka kutuangamiza lilikuwa jingine, na tulikuwa tumelitengeneza kwa mikono yetu wenyewe.

Niseme mapema kwamba kwa seva sita flashi moja ingetosha. Mtu angeichomeka seva baada ya seva, akajibu maswali, na kabla ya jua kuzama siku hiyo hiyo kazi ingekuwa imekwisha. Tulichagua njia ya mtandao kwa sababu uongozi ulikwisha kutuambia kwamba maabara ya kompyuta 40 ingefuata, na pia kwa sababu seva za zamani za taasisi hiyo, zilizosakinishwa kwa mkono na watu tofauti, kila moja ilikuwa na mgawanyo wake wa diski na jina lililotungwa na aliyekuwa zamu siku hiyo. Tulitaka seva zinazofanana kama matofali ya tanuri moja. Mwenye seva moja tu asijisumbue na haya.

Ili kisa kieleweke, ni lazima kwanza kueleweka jinsi kompyuta isiyo na kitu chochote ndani ya diski inavyoweza kuanza kupitia waya wa mtandao. Utaratibu wenyewe unaitwa PXE, na toleo lake la 2.1, ambalo ndilo lililoenea, lilitolewa na Intel mwaka 1999. Ndani ya kadi ya mtandao mna programu ndogo ambayo, kompyuta inapowaka, hupaza sauti kwenye waya mzima ikiomba anwani na kitu cha kuanzia. Ombi hilo ni la DHCP, utaratibu wa kugawa anwani za mtandao, na huenda kwa kila aliyeunganishwa kwenye mtandao huo, kwa kuwa mwombaji hamjui mtu bado. Anayejibu humpa anwani ya IP, humtajia anwani ya seva yenye mafaili, na humtajia jina la faili la kwanza. Kompyuta huenda kulichukua faili hilo kwa TFTP, itifaki kongwe ya kuhamisha mafaili inayotumia poti (mlango wa programu kwenye mtandao) namba 69, isiyojua nenosiri wala utambulisho, ambayo kwa kawaida yake hutuma vipande vya baiti 512 na kusubiri kila kimoja kikiriwe kupokelewa kabla ya kutuma kinachofuata. Faili la kwanza huleta menyu, menyu huleta keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, pamoja na mfumo mdogo wa muda, kisha programu ya kusakinisha huchukua usukani na kuchota vifurushi, yaani programu za mfumo endeshi, kwa HTTP, itifaki ya kurasa za wavuti.

Katika safari yote hiyo kompyuta haimuulizi anayeijibu yeye ni nani na amepata wapi mamlaka ya kuiamuru. Humtii aliyejibu. Nilikuwa nalijua jambo hili kwa miaka kadhaa, lakini nalijua kama mtu anavyojua kwamba moto huunguza kabla hajaungua.

Mtambo wetu ulikuwa laptopu moja yenye Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Programu ya dnsmasq ilifanya kazi mbili, ya DHCP na ya TFTP. Seva ndogo ya wavuti ilihifadhi faili la majibu. Na apt-cacher-ng, kwenye poti namba 3142, ilihifadhi nakala ya kila kifurushi kilichopita, ili seva ya kwanza ikishavuta vifurushi kutoka intaneti, tano zilizobaki zivichukue kwenye laptopu bila kugusa bando la mtu. Waya wa laptopu uliingia kwenye swichi ya seva, yaani kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao, ambayo haikuunganishwa na kitu kingine chochote. Intaneti ya ofisi tuliipata kwa Wi-Fi. Mpango huo ulikuwa sahihi, na laiti tungedumu nao nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Faili la majibu, ambalo watu wa Debian huliita preseed, lilikuwa limejibu kila swali: lugha, saa za Afrika Mashariki, mtumiaji wa kwanza, diski ya kusakinishia ambayo ni sda, na, mwisho kabisa, ndiyo kwa swali la kama tuna uhakika tunataka kuandika juu ya diski hiyo. Menyu ilikuwa na chaguo moja tu, nalo lilijichagua lenyewe baada ya sekunde kumi. Tulijivunia hilo, tulisema mtu atabonyeza kitufe cha kuwasha tu, kisha aende zake kunywa chai.

Asubuhi ya kwanza hakuna seva iliyopata jibu. Skrini ilionyesha PXE-E51, yaani hakuna ofa ya DHCP iliyopokelewa. Nilifungua tcpdump, programu ya kuona data inayopita kwenye waya, kwenye laptopu nikachunguza poti za DHCP, namba 67 na 68, nikaona kimya kitupu. Maombi ya seva hayakuwa yakitufikia kabisa. Mwenzangu alishuku waya, akabadilisha mbili, haikusaidia. Jibu lilikuwa kwenye taa. Tulipochuchumaa nyuma ya raki tuliona kwamba seva ilipowaka, taa ya poti yake kwenye swichi ilikaa rangi ya chungwa kwa nusu dakika hivi ndipo ikageuka kijani. Swichi ilikuwa inatumia utaratibu wa kuzuia data kuzunguka bila mwisho, ule wa spanning tree, ambao katika umbo lake la kale husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kuruhusu data ya kawaida kupita. Kadi ya mtandao kwa upande wake huomba, husubiri sekunde 4, kisha 8, kisha 16, kisha 32. Kwa hesabu ya karatasi, ombi la mwisho lingepita. Lakini kadi zile zilikuwa zikikata kiungo na kukirudisha katikati ya majaribio, na kila kiungo kiliporudi swichi ilianza kuhesabu upya. Tuliiambia swichi kwamba poti hizo zina kompyuta za mwisho, si swichi nyingine, na taa zikawa kijani papo hapo.

Seva nne za BIOS zikasonga, mbili za UEFI zikagoma, kwa kuwa faili la pxelinux.0 tulilokuwa tukimpa kila mtu halisomeki na UEFI. Kompyuta inapoomba anwani hujitaja pia ni ya aina gani, ya BIOS kwa namba 0 na ya UEFI ya biti 64 kwa kawaida kwa namba 7, hivyo dnsmasq ikaelekezwa kumpa mwenye 7 faili la bootnetx64.efi lililokuwemo tayari ndani ya kifurushi kile kile cha Debian. Hili ni jambo la dakika kumi kwa anayelijua.

Kisha likaja tatizo ambalo huwachanganya wengi. Programu ya kusakinisha ilianza vizuri, ikapata anwani, ikafikia intaneti, halafu ikalalamika kwamba haikupata moduli za keneli, yaani vipande vya ziada ambavyo keneli huvipakia. Mtu angedhani intaneti ni mbovu, na kwa Tabora wiki ya mvua dhana hiyo haikuwa ya mbali. Ukweli ni kwamba mafaili ya kuanzia tulikuwa tumeyapakua miezi kadhaa nyuma, tukaja nayo ndani ya laptopu, na katika muda huo Debian 12 ilikuwa imetoa marekebisho mapya yenye keneli mpya. Keneli tuliyoituma kwa TFTP ilikuwa ya zamani, moduli zilizokuwa kwenye hazina ya Debian ni za mpya, na moduli za keneli moja hazivaliki na keneli nyingine. Tulipakua mafaili mapya, makumi machache ya megabaiti, na mambo yakanyooka. Tangu siku hiyo sibebi mafaili ya kuanzia kutoka safari moja hadi nyingine.

Saa kumi jioni seva ya kwanza ilimaliza kusakinishwa, ikajizima na kujiwasha. Tulikwenda kupata chai na mihogo barabarani. Tuliporudi tuliikuta inasakinisha. Tulidhani tumeona vibaya, tukaiacha. Ikamaliza, ikajiwasha, ikaanza tena kusakinisha mara ya tatu. Sababu ilikuwa nyepesi: mpangilio wake wa kuanza uliweka mtandao mbele ya diski, na sisi tulikuwa tukijibu kila aliyeomba. Tulicheka. Mwenzangu akasema seva hii inapenda kuoga. Kisha tukaingia kwenye BIOS ya kila seva, tukaweka diski mbele, tukaendelea na kazi.

Hapo ndipo ninapouweka uzito wa uchambuzi huu. Seva iliyojifuta mara tatu ilikuwa imetuambia kwa ukamilifu hatari iliyokuwepo: kwamba menyu yetu humfuta yeyote anayeomba, wakati wowote, bila kumuuliza, na kwamba kumaliza usakinishaji hakubadilishi chochote katika jibu lake. Sisi tulilitibu kwa kurekebisha waombaji badala ya kumrekebisha mjibuji. Dawa ilionekana kufanya kazi kwa sababu waombaji tuliowajua walikuwa sita, wote wakiwa ndani ya chumba kimoja, na tuliweza kuwafikia kwa mkono.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani, chenye kuta nene, na jioni ile Wi-Fi ilififia hadi seva ya pili ikawa inavuta kifurushi kimoja kwa dakika. Nilikuwa nje nikizungumza na mlinzi kuhusu jenereta. Mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alichukua waya wa mtandao wa ofisi uliokuwa unaning'inia dirishani akauchomeka kwenye swichi yetu, akaipa kadi ya laptopu anwani ya pili ya mtandao wa ofisi, na kasi ikarudi mara moja. Aliniambia, nikamshukuru. Hatukukaa hata dakika moja kufikiri kwamba kuanzia sekunde ile swichi ya seva na mtandao wa ofisi nzima vilikuwa kitu kimoja, na dnsmasq yetu ilikuwa inasikia kila kompyuta ya jengo. Tuliacha seva ya tatu na ya nne zikiendelea, tukafunga mlango, tukaenda kulala.

Usiku umeme ulikatika, ukarudi alfajiri. Laptopu yenye betri haikujua kwamba kuna lolote limetokea.

Saa mbili kasorobo asubuhi tulikuta watu wanne mlangoni wakiuliza mtandao umekwenda wapi. Nilitazama kompyuta ya mmoja wao: ilikuwa na anwani inayoanza na 192.168.50, ambayo ni ya kwetu, wakati ofisi inatumia 192.168.1. Nilielewa kabla sijasimama wima. Ruta ya ofisi na laptopu yetu zilikuwa zinashindana kujibu, na waliochukua jibu letu walipewa lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, lisilowafikisha popote. Nilikuwa bado nikifikiri kwamba madhara yameishia hapo, ndipo kijana wa masjala alipokuja kusema kwamba kompyuta ya mama imeandika mambo.

Mama wa masjala alikuwa amesimama mbali na meza yake, mikono ameifumbata kifuani.

"Shikamoo mama. Usiguse chochote, tafadhali."

"Marahaba mwanangu. Sijagusa. Nimeikuta hivi, imejiwasha yenyewe."

Skrini ya buluu ya programu ya kusakinisha Debian ilikuwa imesimama kwenye hatua ya kugawa diski, inasubiri mtu achague. Nilichomoa waya wa mtandao kwanza, kisha nikazima kompyuta kwa kubonyeza kitufe kwa muda mrefu. Tulipoiwasha bila waya, iliingia kwenye mfumo wake wa kawaida, na mafaili yote yalikuwepo. Nilimwomba mama afungue faili la mwisho aliloandika jana yake, akalifungua, akalisoma kidogo, akasema ndilo.

Kilichoiokoa ni herufi tatu. Faili letu la majibu lilitaja diski ya sda, jina ambalo Linux huzipa diski za aina za SATA na SAS kama zilizokuwa ndani ya seva zetu. Kompyuta ya masjala ilikuwa na diski ya aina ya NVMe, ambayo Linux huiita nvme0n1. Programu ilitafuta sda, haikuiona, ikakosa jibu la kutumia, ndipo ikasimama na kuuliza. Kama taasisi ingekuwa imenunua kompyuta ya bei nafuu kidogo yenye diski ya SATA, jedwali la migawanyo lingekwisha kuandikwa upya kabla jogoo hajawika. Nami nakiri kwamba wakati wa kuandika faili lile nilifikiria kuacha jina la diski wazi, ili lifae kwa kompyuta yoyote ile ya maabara ya baadaye. Ni uvivu tu ulionizuia. Jina lisipotajwa, na kompyuta ikiwa na diski moja tu, programu huichukua hiyo hiyo.

Kwa nini kompyuta hiyo peke yake, kati ya zote za jengo? Zile nyingine zilianza kwa diski. Ya masjala ilikuwa imewekwa mtandao mbele, pengine na aliyeisakinisha mara ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuligundua, kwa kuwa siku zote ilikuwa inaomba, haijibiwi, na baada ya kusubiri inavuka kwenda kwenye diski yake. Mama alituambia kwamba kila asubuhi ilichukua muda mrefu kuwaka, naye alikwisha kuzoea kuiwasha kwanza kisha kwenda kuchota maji ya kunywa. Ikumbukwe pia kwamba uwepo wa ruta ya ofisi haukuwa kinga. Kompyuta inayoanza kwa PXE ikipata ofa mbili, moja yenye anwani tupu na nyingine yenye jina la faili la kuanzia, huchagua ile yenye faili, hata kama imechelewa kidogo. Na kwa kuwa ilikuwa imewekwa pia kujiwasha umeme unaporudi, haikuhitaji mtu.

Marekebisho tuliyoyafanya asubuhi hiyo yalikuwa ya upande wa mjibuji, mahali ambapo yangepaswa kuwa tangu jana yake. Waya wa dirishani uliondolewa kwanza. Badala yake tulivuta waya mrefu hadi kwenye kadi ya pili ya mtandao ya USB ya laptopu, ili intaneti iingie upande mmoja na seva ziwe upande mwingine, na dnsmasq ikaamriwa kusikiliza upande wa seva peke yake. Kisha tukaongeza mstari ambao ninauhesabu kuwa muhimu kuliko yote katika faili zima la mipangilio:

dhcp-ignore=tag:!known

Maana yake ni kwamba asiyeandikwa hajibiwi. Chini yake tuliandika anwani ya MAC, yaani namba ya kipekee ya kadi ya mtandao, ya kila seva, sita kwa jumla, kila moja na jina lake. Menyu nayo ilibadilishwa: chaguo linalojichagua lenyewe sasa ni kuanza kwa diski ya ndani, na kusakinisha kunahitaji mtu aliyesimama mbele ya skrini aandike neno. Kwa seva za BIOS tulikwenda mbele zaidi. Programu ya pxelinux, kabla ya kusoma menyu ya wote, hutafuta kwanza faili lenye jina la anwani ya MAC ya kompyuta husika; kwa hiyo ruhusa ya kusakinisha tuliiweka katika faili la kila seva, na seva ikimaliza, faili lake hufutwa. Seva ile iliyopenda kuoga tuliirudishia mtandao mbele ya diski makusudi, tukaiwasha mara tatu, na mara zote tatu ilipita moja kwa moja hadi kwenye diski yake.

Mwenzangu alipendekeza tufuate pia kila kompyuta ya ofisi na kuweka diski mbele. Nilikubali tuirekebishe ya masjala, kwa sababu ya mama na maji yake ya asubuhi, lakini kwa nyingine nilikataa. Kompyuta ya ofisi inayoomba mtandaoni haina kosa. Imewekwa hivyo na wengi kwa sababu halali, na kesho italetwa nyingine ambayo sisi hatutakuwepo kuikagua.

Kwa uongozi tulitoa maelezo ya maandishi ya ukurasa mmoja, tukaeleza lililotokea bila kupunguza, pamoja na jina la aliyechomeka waya likiwa ni letu sote wawili. Mkuu alisoma, akauliza swali moja tu: kama kompyuta ya masjala ina nakala ya akiba. Haikuwa nayo. Nakala ya kwanza ilichukuliwa siku hiyo hiyo mchana, kwa flashi ile ile ambayo hatukutaka kuitumia kwa seva.

Seva ya tano ilisakinishwa bila neno kwa dakika zisizofika ishirini, kwani vifurushi vyote vilikuwa tayari ndani ya laptopu. Ya sita haikujibiwa. Tuliiwasha, ikaomba, katika kumbukumbu za dnsmasq tuliona ombi lake likifika na kupuuzwa, likifika na kupuuzwa. Mwenzangu alipiga magoti nyuma ya raki na tochi ya simu, akasoma upya lebo iliyokuwa imefifia, na kukuta kwamba herufi B tuliyoiandika kwenye orodha ilikuwa namba 8. Tukaisahihisha, tukaiwasha tena.